Tani 431,000 na giza la Lusaka: mwaka 2024 wa First Quantum katika hesabu za Zambia

Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame ambao haukuwa umeonekana kwa zaidi ya miaka 40. Tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa, wilaya 84 kati ya 116 zikiwa zimeathirika. Mavuno ya mahindi yakaanguka kutoka zaidi ya tani milioni 3.2 za msimu uliotangulia hadi tani milioni 1.5. Maji ya Ziwa Kariba yakapungua hadi mitambo ya upande wa Zambia, yenye uwezo wa megawati 1,080, ikawa inazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Ilipofika robo ya mwisho ya mwaka, familia nyingi za mijini zilikuwa zikipata umeme saa tatu kwa siku. Na mwaka huohuo shaba iliyozalishwa nchini ilipanda kwa asilimia 12, ikafika takriban tani 820,000.

Anayetaka kujua giza na ongezeko hilo vilikaaje ndani ya mwaka mmoja aanze na vitabu vya First Quantum Minerals. Kampuni hiyo iliyo kwenye soko la hisa la Toronto ndiyo iliyotoa karibu nusu ya shaba yote ya Zambia, kutoka migodi miwili ya Mkoa wa Kaskazini-Magharibi: Kansanshi, jirani na mji wa Solwezi, na Sentinel, huko Kalumbila. Safari yake nchini ilianza mwaka 1996 pale Ndola, kwa kuchenjua upya mabaki ya mgodi wa kale ambao jina lake msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: Bwana Mkubwa.

Namba ya kundi zima, yaani kampuni pamoja na migodi yake yote duniani, ikisomwa peke yake inapotosha. Mwaka 2023 First Quantum ilizalisha karibu tani 708,000 za shaba. Mwaka 2024 ikazalisha tani 431,000. Asiyejua atadhani ukame ndio uliofanya hivyo. Kilichoondoka ni Cobre Panamá, mgodi uliotoa karibu tani 331,000 mwaka 2023 kabla ya Mahakama ya Juu ya Panama kutamka, tarehe 28 Novemba, kwamba sheria iliyoidhinisha mkataba wake inakwenda kinyume na katiba. Zambia ilikwenda juu. Kansanshi ilipanda kutoka karibu tani 135,000 hadi 171,000, na Sentinel kutoka tani 214,000 hadi karibu 231,000. Jumlisha hizo mbili upate kama tani 402,000, yaani asilimia 93 ya shaba yote ya kundi. Kundi lililokuwa na miguu miwili, mmoja Amerika ya Kati na mwingine Afrika, likabaki limesimama kwa mguu wa Zambia.

Ongezeko la Kansanshi halikuletwa na mtambo mpya, kwa sababu upanuzi mkubwa wa mgodi huo ulikuwa bado unajengwa. Lililetwa na mbale, yaani mwamba wenye shaba. Shaba ya Kansanshi kwa sehemu kubwa imekaa kwenye mishipa inayokata mwamba, na mishipa haina adabu: robo hii ya mwaka unachimba ukanda mnono, robo inayofuata unasaga mawe yaleyale kwa dizeli ileile na unapata kidogo. Sentinel ni kinyume chake. Ni mgodi mkubwa sana wenye mbale duni, shaba ikiwa chini ya nusu asilimia ya uzito wa mwamba. Chukua asilimia 0.45, kisha kadiria kwamba mtambo unafanikiwa kukamata asilimia 90 ya shaba iliyomo: ili kupata tani moja ya shaba, lazima tani 247 za mwamba zisagwe hadi ziwe unga. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini umeme ni uhai wa mgodi kama huo, na jambo hilo nitalirudia.

Bei ilikuwa nzuri. Wastani wa mwaka katika Soko la Metali la London ulikuwa karibu dola 9,150 kwa tani, na mwezi Mei bei ilivuka dola 11,000 kwa muda mfupi. Hata hivyo, kati ya mapato ya karibu dola bilioni 4.8, faida iliyobaki kwa wenye hisa ilikuwa ndogo mno, karibu na sifuri. Pesa zilipita wapi? Kwanza, riba. Kundi lilimaliza mwaka likiwa na deni halisi (deni baada ya kutoa fedha taslimu zilizopo) la dola bilioni 5.5, na mapato ya Panama yaliyotegemewa kulihudumia deni hilo hayakuwepo. Pili, mgodi wa Panama uliofungwa bado ulikula: kuulinda, kuendesha mabwawa yake ya tope na kuhudumia mitambo iliyosimama kuligharimu zaidi ya dola milioni 10 kila mwezi. Tatu, kampuni ilijiwekea kinga ya bei kwa mikataba yenye sakafu na dari. Bei ikishuka chini ya sakafu, kampuni inafidiwa pengo hilo. Ikivuka dari, kampuni inaikosa faida ya ziada. Kwa kampuni yenye madeni, hiyo ni busara. Kwa nchi inayongoja kodi ya faida, dari ya mkataba ni dari ya kodi pia.

Mwezi Februari 2024 kundi lilifanya ukarabati wa mizania yake. Liliuza hisa mpya za dola bilioni 1.15, likatoa hatifungani za dola bilioni 1.6, na likapokea dola milioni 500 kutoka Jiangxi Copper ya China kama malipo ya awali ya shaba. Hapo kwenye malipo ya awali ndipo Mzambia alipopaswa kusimama asome mara mbili. Shaba iliyouzwa kabla ya kuchimbwa ni ya Kansanshi: tani 50,000 za anodi (mabamba ya shaba iliyoyeyushwa) kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Mkataba wa aina hii ni halali na wa kawaida katika biashara ya metali, na bila shaka uliokoa kundi lisikwame. Ila maana yake ni kwamba shaba ya Solwezi iliwekwa kuziba shimo lililotobolewa Panama.

Ndiyo sababu naona uamuzi bora ambao Zambia iliufanya kuhusu Kansanshi ni ule wa mwaka 2023. Serikali, kupitia kampuni yake ya uwekezaji ZCCM-IH, ina hisa asilimia 20 katika mgodi huo. Kwa miaka mingi hisa hizo zilitegemea gawio, na gawio hutegemea bodi ambayo mwenye asilimia 20 haiamui. Mwaka 2016 ZCCM-IH ilifikia hatua ya kwenda mahakamani kudai kwamba fedha za Kansanshi zilikuwa zikikopeshwa ndani ya kundi badala ya kugawiwa. Kesi hiyo baadaye ilimalizwa kwa makubaliano. Mwaka 2023 haki ya gawio ikabadilishwa kuwa mrabaha wa asilimia 3.1 ya mapato ghafi ya mgodi, kwa uhai wote wa mgodi.

Fanya hesabu ya haraka. Tani 171,000 kwa dola 9,150 ni kama dola bilioni 1.56. Asilimia 3.1 ya hapo ni takriban dola milioni 48, kabla ya kuongeza dhahabu inayotoka pamoja na shaba na kabla ya makato ya uchenjuaji. Pesa hiyo haiulizi riba ya kundi ni kiasi gani, wala mikataba ya kinga ilikwendaje, wala majaji wa Panama wamesema nini. Kuna wanaolalamika kwamba katika miaka ya neema kubwa gawio lingezidi mrabaha. Huenda. Lakini gawio la mwaka wa neema mara nyingi hugeuka mtambo mpya au mkopo wa ndani kabla halijamfikia mwenye hisa mdogo. Tanzania, yenye hisa zake za asilimia 16 katika migodi ya Barrick kupitia kampuni ya ubia ya Twiga, ina sababu ya kuutazama mkataba huu kwa makini.

Sentinel haina kitu kama hicho. Ni mali ya First Quantum kwa asilimia 100, ingawa ndiyo iliyotoa tani nyingi zaidi. Huko serikali inapata mrabaha wa kisheria, kodi ya mapato, na basi.

Mrabaha wa kisheria wenyewe una hadithi yake, na watu wengi wanaoujadili hawajui unavyokokotolewa. Tangu Januari 2023 unatozwa kwa ngazi, kama kodi ya mshahara. Dola 4,000 za kwanza za bei ya tani zinatozwa asilimia 4. Elfu inayofuata asilimia 6.5; kutoka 5,000 hadi 7,000 asilimia 8.5, na kila dola inayozidi hapo asilimia 10. Kwa bei ya dola 9,150 unapata 160, jumlisha 65, jumlisha 170, jumlisha 215: dola 610 kwa tani, sawa na asilimia 6.7. Chini ya utaratibu uliotangulia, bei ikifika dola 9,000 tani nzima ilikuwa inatozwa asilimia 10. Bei hiyohiyo ingelipiwa dola 915.

Utaratibu wa zamani ulikuwa na kasoro iliyo wazi. Kwa bei ya 8,999 mgodi ulilipa asilimia 8.5, yaani dola 765. Bei ikipanda kwa dola mbili tu na kuwa 9,001, malipo yanaruka hadi dola 900. Hakuna mhasibu atakayekaa kimya mbele ya genge kama hilo. Atasogeza mauzo kutoka mwezi mmoja hadi mwingine ili asianguke. Kuuondoa ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini uamuzi sahihi nao una gharama, na gharama hiyo isemwe. Mrabaha hukokotolewa kwa bei ya kila mwezi, na katika miezi ya 2024 ambayo wastani wa bei ulikuwa chini ya 9,000, kama Januari na Februari, tofauti kati ya taratibu hizi mbili ilikuwa ndogo zaidi. Ukiupima mwaka mwezi kwa mwezi, tofauti inakuwa kama dola 250 kwa tani. Zidisha kwa tani 402,000 za First Quantum: karibu dola milioni 100 ambazo sheria ya zamani ingezikusanya na sheria mpya haikuzikusanya. Ongeza kwamba tangu Januari 2022 mrabaha unakatwa kwanza kabla ya kupiga kodi ya mapato ya asilimia 30, kwa hiyo kila dola 610 za mrabaha zinaweza kupunguza kodi hiyo kwa dola 183.

Serikali ilitoa nafuu hizo ili ipate uwekezaji, na uwekezaji mkubwa uliokuja ni S3, mtambo wa tatu wa kuchenjua mbale pale Kansanshi. Uliidhinishwa Mei 2022 kwa dola bilioni 1.25, una uwezo wa kusaga tani milioni 25 kwa mwaka, na ulizinduliwa Agosti 2025. Kampuni inatarajia Kansanshi itoe wastani wa tani 250,000 kwa mwaka hadi 2044. Hizo ni tani 79,000 juu ya zile za 2024. Kwa bei ya 2024 zinaleta mrabaha wa kisheria wa kama dola milioni 48, na nyingine 22 kupitia ule wa ZCCM-IH. Hazijafikia milioni 100. Pengo lazima lizibwe na kodi ya mapato. Wanaoitetea nafuu hiyo watasema, na wana hoja, kwamba bila S3 mbale laini za juu zingekwisha na Kansanshi ingesinyaa, hivyo kulinganisha na tani za 2024 ni kuipunja. Nakubali. Hata hivyo nadhani Wizara ya Fedha ingechapisha hesabu hii kila mwaka, mstari kwa mstari, mabishano mengi ya bungeni yangekuwa na mashiko zaidi.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye mabango ya "mlipa kodi mkubwa": marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Shaba inayouzwa nje haitozwi VAT, lakini mgodi umeshailipa kwenye dizeli, matairi, baruti na vipuri, kwa hiyo unadai irudishwe. Serikali iliyoshindwa kulipa hatifungani zake mwezi Novemba 2020 haikuwa na pesa ya kurejesha, na madai yakarundikana. Mwaka 2022 First Quantum na serikali zikakubaliana kwamba deni hilo lipunguzwe kwa kulikata kwenye mrabaha na kodi ya mapato itakayokuja. Ni njia ya heshima ya kulipa. Lakini inamaanisha kwamba sehemu ya kodi inayotangazwa imeshatumika zamani. Katika mwaka husika haifiki Hazina kama fedha taslimu. Anayesoma jumla ya michango ya mgodi bila kuuliza kiasi gani kilikatwa kwa VAT anasoma nusu ya ukurasa.

Sasa umeme. Zambia inategemea mabwawa kwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa kuzalisha, na migodi hutumia karibu nusu ya umeme wa nchi. ZESCO, shirika la umeme la taifa, ilipoishiwa maji iliitaka migodi ipunguze matumizi, na iliyoweza ikanunua umeme wa nje kupitia mtandao wa pamoja wa Kusini mwa Afrika, kwa bei ya juu kuliko ya ZESCO. First Quantum ilikuwa miongoni mwa walionunua. Ililipa zaidi, tani zikaendelea kutoka.

Wako waliouliza kwa nini migodi isizimwe kwa zamu kama mitaa ya Lusaka. Uchungu wao ni halali, ila mitambo hii haizimiki kwa zamu. Kinu cha kusaga kikikatiwa umeme kikiwa kimejaa, mzigo wa mawe na vyuma hukaa chini na kushikana. Kukiwasha kwa pupa ni kuhatarisha gia na motor. Matangi ambamo shaba huelea na kutengwa na mwamba hujaa mchanga ulioganda, na mafundi hutumia saa nyingi kuyazibua. Tanuri ndiyo mbaya zaidi. Kwenye kiyeyushio cha Kansanshi, joto likishuka matofali ya ndani husinyaa na kupasuka, metali huganda, na kurudisha tanuri kazini ni suala la siku nyingi, pengine wiki. Tanuri likisimama, asidi ya salfuriki inayotengenezwa kwa moshi wake hukosekana, na bila asidi mbale za oksaidi hazioshwi. Na makinikia ya Sentinel, yaani unga wenye shaba uliotengwa na mwamba, yaliyokuwa yayeyushwe hapo hurundikana ghalani. Kwenye migodi ya chini ya ardhi ya Copperbelt kama Konkola, mmoja wa migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani, pampu zikisimama mgodi wenyewe hufurika.

Kwa hiyo kuilinda migodi na mgao hakukuwa upendeleo. Lawama yangu iko nyuma zaidi. Kwa miongo kadhaa umeme uliuzwa kwa bei isiyolipia mtambo mpya, na migodi ikapanuka ikiyaegemea mabwawa, likiwemo lile la Kariba ambalo Zambia inagawana na Zimbabwe. Kila leseni ya upanuzi ilipaswa kuja na megawati zake. Ikaonekana mwaka 2024 nani anabeba kosa hilo: mgodi ulibeba senti chache kwa ratili ya shaba, fundi cherehani na mwenye saluni wakabeba siku nzima.

Nje ya geti la mgodi, mwaka ulikuwa wa dola kukimbia. Shaba inaleta karibu asilimia 70 ya fedha za mauzo ya nje, na migodi hulipa kodi kwa dola moja kwa moja Benki Kuu ya Zambia. Lakini mwaka huo dola zilihitajika pia kwa mahindi, umeme na dizeli ya majenereta. Kwacha iliyokuwa karibu 26 kwa dola mwishoni mwa 2023 ikafunga 2024 ikiwa karibu 28. Mfumuko wa bei ukafika asilimia 16.7 mwezi Desemba, na Benki Kuu ikawa imepandisha riba yake hadi asilimia 14. Kwacha ikidhoofika, mishahara ya mgodi ikihesabiwa kwa dola inakuwa nafuu, na ripoti ya kampuni inaandika gharama zimedhibitiwa. Mchimbaji wa Solwezi ananunua unga kwa kwacha hiyohiyo.

Yote hayakuwa mabaya. Mwezi Juni wenye hatifungani za dola bilioni 3 walikubali kubadilishana na mpya, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaongeza mpango wake hadi dola bilioni 1.7. Uchumi ulikua kwa karibu asilimia 4 wakati makadirio ya katikati ya mwaka hayakufika hata 3, na shaba ilichangia sehemu ya mshangao huo. Tangu Januari 2024 wauzaji nje wanatakiwa pia kupitisha malipo yao kwenye akaunti zilizo ndani ya nchi. Hilo haliwalazimishi kubadili dola kuwa kwacha, ila sasa Benki Kuu inaona kinachoingia na kinachotoka, na hiyo ni hatua.

Kwa Tanzania, jirani wa mashariki, tani hizi ni malori. Lori moja hubeba kama tani 30 za shaba. Tani 402,000 ni zaidi ya safari 13,000, na hiyo ni kama yote ingekuwa shaba tupu. Makinikia yana shaba takriban robo ya uzito, hivyo kinachosafirishwa bila kuyeyushwa huzidisha safari mara nne. Dar es Salaam inashindania mzigo huo na Durban, Beira, Walvis Bay na sasa Lobito, na anayeijua foleni ya Tunduma anajua siku moja ya kusimama inakula kiasi gani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa ajili ya shaba hii na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mkataba wa ukarabati wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya China ulisainiwa 2025. Kipimo chake kitakuwa idadi ya vichwa vya treni vinavyotembea.

Sasa S3 iko kazini, na kinu kikubwa zaidi kinataka umeme zaidi. First Quantum imeingia mkataba wa kununua umeme wa jua wa Chisamba, megawati 100, uliozinduliwa katikati ya 2025, na kuna mpango mkubwa zaidi wa jua na upepo wa megawati 430. Chisamba inazalisha mchana. S3 inasaga saa 24, na usiku umeme wake bado unategemea maji ya Kariba na Kafue au nyaya za majirani.